Gari la dharura kwenye tambukareli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na madereva, manesi na zimamoto wa Moshi na Arusha

Maswali haya ni ya watu wanaokaa ndani ya gari lenyewe: dereva, nesi, mhudumu anayeshika machela, askari wa zimamoto. Tambukareli, au kivuko cha reli, ni mahali barabara inapokatiza reli. Majibu yanahusu reli ya kaskazini, ile inayopita Korogwe, Same na Kahe hadi Moshi na Arusha. Aliye zamu sasa hivi aanze na swali la pili na la nne, mengine atayasoma akirudi kituoni.

1. Reli hii si ilikufa zamani? Treni zenyewe ni za kuhesabu.

Ilikufa kwa abiria, na shida yetu ilianzia hapo. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893 enzi za Wajerumani, reli ikafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Treni za abiria ziliposimama miaka ya 1990, mji uliikalia reli. Watu walilima hadi kwenye kokoto, mbuzi wakachungwa katikati ya mataruma (mihimili iliyolazwa chini ya reli), njia za miguu zikachongwa kila mahali na nyingine zikapanuka mpaka zikawa za bajaji. Halafu treni zikarudi: Moshi mwaka 2019, Arusha Oktoba 2020.

Sasa fikiria dereva aliyepata leseni mwaka 2003. Alivuka reli kila siku kwa miaka mingi bila kukutana na kichwa cha treni. Mguu wake umezoea kukanyaga mafuta pale pale. Uchache wa treni haumsaidii, unamlaza. Kwenye njia yenye treni kila nusu saa mtu hutazama mwenyewe bila kuambiwa, lakini kwenye njia yenye treni chache kwa wiki lazima afanye makusudi.

Halafu ratiba ya abiria haikuambii lolote kuhusu treni ya mizigo, treni iliyochelewa, wala kichwa kinachotoka kuvuta mabehewa. Asikudanganye mtu kwamba "leo si siku ya treni."

2. Nikiwasha king'ora na taa, dereva wa treni hanipishi?

Hakupishi, kwa sababu hawezi. Treni haina usukani, na breki zake ni chuma kinachobana chuma kinachoteleza juu ya chuma. Treni ndefu ya mizigo ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 88 kwa saa huhitaji takriban kilomita 1.6 kusimama. Reli yetu ya upana wa mita moja haina mwendo huo sehemu nyingi, lakini hata kwa mwendo wa wastani, treni yenye mzigo hula mamia ya mita kabla ya kutulia. Dereva wa treni anayekuona ukiingia mbele yake akiwa mita 100 amebakiwa na honi, breki ya dharura, na kukutazama.

Kuna wanaojitetea kwa sheria: gari la dharura lina haki ya kwanza. Haki hiyo ni mbele ya watumiaji wengine wa barabara. Reli si barabara nyingine inayokatiza yako, na treni haimo kwenye orodha ya wanaosogea pembeni wakisikia king'ora.

Uzito wa gari pia si kinga. Novemba 2023 kule Manyoni mkoani Singida, basi liligongana na treni ya mizigo na watu 13 wakafariki. Ambulensi ni ndogo kuliko basi.

3. Nina mama anayevuja damu. Kila sekunde ni uhai. Bado nisimame?

Ndiyo, simama. Hesabu kusimama kwenyewe: kupunguza mwendo, kutulia, kutazama pande mbili, kuondoka. Timu iliyozoea haizidishi sekunde 15. Sekunde hizo hizo unazipoteza kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa kila unapopita na hakuna anayelalamika. Zinaweza kurudishwa mahali pengine: machela kuwa tayari mlangoni, hospitali kujulishwa mapema ili mpokeaji awe getini, dereva kujua njia bila kuuliza boda.

Kinachosahaulika ni kwamba gari likigongwa, hesabu haiishii kwa mgonjwa mmoja. Nesi, dereva, ndugu wawili waliopanda nyuma wakishika kanga na chupa ya chai, wote wanaingia kwenye orodha ya majeruhi, na wilaya imebaki bila gari.

4. Basi tuambieni tufanye nini hasa, kuanzia tunapoikaribia.

Ukiona alama ya kuvuka reli, au ukijua tu kwamba reli iko mbele (alama nyingi zimeibwa, tutalirudia hilo), ondoa mguu kwenye mafuta. Tangaza kwa sauti: "Reli." Hilo ni la dereva, na kila aliye garini aache maongezi. Zima king'ora, acha taa zinazozunguka zikiwaka. Zima feni na redio ya muziki, punguza redio ya mawasiliano, teremsha vioo vya pande zote mbili.

Simama kabisa takriban mita 5 kabla ya reli ya kwanza. Kichwa cha treni na mabehewa hutokeza nje ya reli, kwa hiyo kusimama pua ikigusa kokoto ni kujitoa sadaka. Anayekaa mbele na dereva atazame upande wake kwanza, asogee mbele kidogo kwenye kiti asizuiwe na nguzo ya kioo, kisha aseme: "Kushoto hakuna." Dereva atazame wake na aseme: "Kulia hakuna." Halafu wabadilishane macho. Maneno yasemwe kwa mdomo. Kutingisha kichwa hakutoshi, maana dereva usiku hakuoni, na yeye akidhani umetingisha kumbe ulikuwa unasoma simu, mmekwisha.

Kabla ya kuondoka, tazama ng'ambo. Je, kuna nafasi ya gari lako lote kule, au kuna foleni ya bajaji na mkokoteni wa ndizi? Kama mkia wako utabaki juu ya reli, usiingie. Ng'ambo ikiwa wazi, weka gia ya kwanza na uvuke nayo bila kuibadilisha mpaka tairi za nyuma zitoke. Gia zikikwama katikati, hutaki ziwe zimekwama juu ya mataruma. Ukishatoka, washa king'ora na uendelee na safari yako.

Ukiwa peke yako mbele, yote hayo ni yako. Chukua muda zaidi.

5. King'ora ndicho kinachotulinda. Kwa nini kizimwe mahali pa hatari?

Kinakulinda dhidi ya watu wanaoweza kukukwepa. Kwenye reli hakuna wa namna hiyo, na king'ora kilicho juu ya paa la gari lako kinafunika honi ya treni. Dereva wa treni hupiga honi akikaribia kivuko, na honi hiyo mara nyingi ndiyo taarifa pekee unayopata kama kuna kona au migomba. Jaribuni kituoni: washeni king'ora, fungeni vioo, mtu apige honi ya lori mita 100 nyuma yenu. Mtashangaa.

Wengine huogopa kwamba wakizima, gari la nyuma litawagonga. Taa zinazunguka, breki zinawaka, na umepunguza mwendo taratibu tangu mbali. Inatosha.

6. Mimi ni nesi, niko nyuma na mgonjwa. Reli inanihusu nini?

Inakuhusu kuliko unavyodhani. Kwanza ni mtikisiko. Vivuko vingi vina reli iliyoinuka juu ya lami iliyomong'onyoka, na gari likipita kwa kasi, mgonjwa wa uti wa mgongo au fupanyonga anarushwa. Dereva akitamka "Reli," funga mkanda wako, kagua mikanda ya machela, shika mpira wa dripu usichomoke, na mtungi wa oksijeni uwe umefungwa kwenye mahali pake, usiwe umeegemezwa pembeni. Kama unabonyeza kifua, endelea, lakini jua mtikisiko unakuja, uweke goti vizuri.

Pili ni sauti yako. Madereva wengi huharakishwa na watu wa nyuma. Ndugu wakianza kupiga ukuta wa gari "twende, twende," wewe ndiye wa kuwatuliza, kwa sababu dereva hawezi kubishana nao huku akisikiliza honi. Sema: "Subirini, tunavuka reli." Sentensi hiyo inaeleweka na kila mtu.

Na ukisikia honi wewe kabla ya wale wa mbele, piga kelele "Simama!" bila kuomba radhi kwa mkubwa yeyote. Kwenye reli, mwanafunzi wa uuguzi ana mamlaka ya kumsimamisha daktari.

7. Gari letu la zimamoto lina tangi limejaa. Linahitaji nafasi kiasi gani?

Fanyeni hesabu wenyewe kwa gari lenu, msikopi ya wengine. Mfano ni huu. Gari la mita 9 limesimama mita 5 kabla ya reli. Reli zimeachana mita 1, na mkia unatakiwa uwe mita 5 nje ng'ambo. Hiyo ni safari ya mita 20 kutoka kusimama. Gari zito lenye maji huondoka pole. Lipe sekunde 9 au 10 kwenye barabara tambarare, zaidi kama kivuko kiko kwenye mwinuko, na miteremko ya Kilimanjaro hamhitaji kuelezwa. Ongeza sekunde 3 za kutazama, kuamua na kuachia klachi. Mmefika sekunde 13.

Treni ya kilomita 50 kwa saa hutembea takriban mita 14 kila sekunde. Ndani ya sekunde 13 imekula mita 180. Kwa hiyo kama kutoka kwenye kiti cha dereva mnaona chini ya mita 200 za reli upande wowote, macho ya kwenye kiti hayatoshi. Mtu mmoja ateremke, asimame pembeni mwa reli mahali anapoona mbali, na gari livuke kwa ishara yake. Kwa ambulensi ya mita 6 muda ni mfupi zaidi, labda sekunde 9 kwa jumla, lakini kanuni haibadiliki.

Maji nayo hayatulii. Tangi lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa lote, kwa sababu maji hupiga mbele na nyuma gari linaposimama na kuondoka. Simameni taratibu, mapema.

8. Treni tunaiona kabisa, iko mbali na inakuja polepole. Hatuwezi kuiwahi?

Jicho linadanganya hapa, na limeshachunguzwa. Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Marekani, Herschel Leibowitz, alieleza kwamba kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kidogo chenye kasi ileile. Ndege kubwa ikitua KIA huonekana kama inaelea. Ongeza kwamba treni inakujia uso kwa uso: haivuki macho yako kutoka kushoto kwenda kulia, inanenepa tu pale ilipo, na kunenepa huko hakuonekani mpaka imekaribia sana. Usiku ni taa tu, na umbali wa taa moja hakuna anayeweza kuupima.

Ukiiona, imekuwahi. Kaa.

9. Treni imeshapita. Si tuondoke mara moja?

Subiri mpaka uone reli tupu pande zote mbili kwa macho yako, maana behewa la mwisho linakuzibia njia ya pili. Tarehe 28 Desemba 2024 huko Delray Beach, Florida, gari la zimamoto lilisubiri treni ya mizigo ipite, kisha likazunguka mageti yaliyokuwa bado chini, na treni ya abiria iliyokuwa njia ya pili ikaligonga. Wazimamoto watatu na abiria kadhaa waliumia.

Utasema sisi tuna njia moja. Kati ya stesheni, ndiyo. Karibu na stesheni ya Moshi, ya Arusha na pale Kahe kuna njia za kupishana na za kupanga mabehewa, na huko treni hurudi nyuma pia. Wakati wa kupanga mabehewa unaweza kukutana na behewa linakuja likiwa limetangulia, kichwa kiko nyuma kabisa, hakuna taa wala muungurumo upande wako. Treni iliyopita kulia inaweza kurudi kutoka kulia baada ya dakika moja.

10. Kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, nacho ni cha kuogopa?

Ndiyo, na hatukisemi vya kutosha. Kiberenge hakina ratiba ya kubandikwa ukutani, ni kidogo, kelele yake inapotea ndani ya mngurumo wa dizeli yako, na kinabeba mafundi wa reli ambao hawana kinga yoyote. Ukikigonga au kikikugonga, wanaoumia zaidi ni wao.

11. Trafiki au mlinda geti akinipungia mkono nipite?

Mshukuru, halafu tazama mwenyewe. Trafiki anaongoza magari. Hana mawasiliano na treni. Mlinda geti anayo taarifa zaidi na unamheshimu akikuzuia, lakini akikuruhusu bado unasimama na kutazama. Geti likiwa chini, usilizunguke kwa sababu yoyote ile, wala usiwaambie boda wakuinulie. Kama unaamini limekwama, piga simu stesheni.

12. Gari limezima juu ya reli. Tuna mgonjwa ndani.

Jaribu kuwasha mara moja. Likigoma, hakuna mara ya pili: watu watoke. Mgonjwa atoke kwa machela, na kama machela imekwama, abebwe kwa shuka au kwa mikono. Oksijeni, mashine na begi la dawa vinabaki. Ndugu wa mgonjwa ndio watakaotaka kurudi kuchukua vitu. Mmoja wenu awashike.

Muondoke kwenye reli mkielekea upande ambao treni inaweza kutokea, kwa mshazari, mkijitenga na reli. Watu wengi hukimbilia upande wa pili, ule ambao treni inaelekea, na huko ndiko vipande vya gari hurushwa likigongwa.

Wakati huohuo mtu mwingine apige simu stesheni ya karibu. Aseme kivuko kipi, kati ya stesheni gani na gani, na namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu kama anaiona. Kusema "karibu na mwembe mkubwa" hakumsaidii mtu aliye Tanga. Kama kuna vijana wenye mbio, wawili waende kila mmoja upande wake kando ya reli, mbali kadiri wawezavyo, na wakiona treni wapunge kitu chochote kwa nguvu: shati, kanga, usiku tochi. Kwa dereva wa treni, kitu kinachopungwa kwa nguvu kwenye njia ni ishara ya hatari, hata kisipokuwa chekundu.

Kusukuma gari? Baada ya watu wote kutoka, na ikiwa kuna anayetazama kila upande. Gari linanunuliwa.

13. Treni imesimama na imefunga kivuko. Tunatokea upande wa mashamba ya miwa ya TPC kwenda hospitali ya KCMC na hakuna pa kupita.

Huu ni mfano wa kweli wa jiografia yetu: hospitali kubwa ya rufaa iko kaskazini mwa reli, mashamba na vijiji vya chini viko kusini, na hakuna namna ya kuunganisha hivyo viwili bila kuvuka. Piga simu stesheni uulize swali moja: itaondoka baada ya dakika ngapi? Wakikupa jibu la "sasa hivi," omba dakika. Kukata treni katikati ili gari lipite kunawezekana, lakini kukata na kuunga tena kunachukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mara nyingi kivuko kingine ndicho jibu. Ndiyo maana kila dereva anatakiwa kujua vivuko viwili kwa kila safari, cha kwanza na cha akiba, na awe amevipita mchana ajue kama cha akiba kinapitika wakati wa mvua.

Kama hakuna kivuko kingine, omba gari la pili lije ng'ambo. Mgonjwa anaweza kuzungushwa kwa miguu nyuma ya behewa la mwisho, kwa umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwenye behewa, lakini ni baada ya wahusika wa treni kukubali kwamba haitatembea. Kupitisha machela chini ya mabehewa au katikati ya viungio ni marufuku hata kama vijana wa pale wanapita kila siku wakicheka.

14. Moto uko upande wa pili wa reli, maji yako upande huu. Tutandaze mipira juu ya reli?

Usitandaze kabla treni hazijasimamishwa. Mpira wenye maji ukipitiwa na magurudumu ya treni unakatika, na waliokuwa ndani ya nyumba inayoungua wakitegemea maji hayo wanabaki na mikono mitupu. Kwanza mjulishe stesheni masta. Kuna tofauti kubwa kati ya "tumepokea taarifa" na "treni zimesimamishwa." Ngoja ile ya pili, andika jina la aliyekupa na saa, kisha fanya kazi. Hata hapo weka mlinzi kila upande.

Mipira ipite chini ya reli, kati ya taruma na taruma, kwa kuchimbua kokoto kidogo. Inachukua dakika chache na inakulinda kama kuna aliyekosea mawasiliano. Mkimaliza, mjulishe tena stesheni masta na kokoto zirudishwe. Bora zaidi ni kuleta gari la maji kwa ng'ambo, kama mlipanga mapema.

15. Tukiitwa kwenye ajali ya treni yenyewe?

Treni iliyosimama si treni iliyofungwa. Tarehe 24 Juni 2002 kule Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa imesimama mlimani ilianza kurudi nyuma, ikashika kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha. Kabla ya kuingia kati ya mabehewa au chini yake, muulize dereva wa treni au gadi kama breki zimefungwa na magurudumu yametiwa kabari, na uone kabari hizo.

Usikanyage juu ya chuma cha reli, kinateleza kama kimepakwa sabuni, hasa kikiwa na umande. Usiweke mguu pale reli zinapogeuzwa njia. Zikisogezwa kutoka mbali zinabana mguu. Na usifungue behewa la mizigo kabla ya kuambiwa limebeba nini.

16. Masika inabadilisha nini?

Kati ya Machi na Mei unasikia kidogo na unaona kidogo. Mvua juu ya bati la gari inafunika honi, ukungu wa asubuhi unafika hadi bondeni, na mahindi yaliyopandwa hadi ukingoni mwa reli yanakuwa marefu kuliko dereva wa bajaji. Kivuko ulichokiona wazi Januari si kile cha Mei. Kipitieni upya kila msimu.

17. Kuna umeme juu ya reli yetu?

Hakuna. Treni za huku ni za dizeli. Lakini askari anayehamishwa kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma ajue kwamba reli ya kisasa ya huko, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina nyaya za volti 25,000. Huko hakuna kurusha maji wala kuinua ngazi karibu na nyaya kabla umeme haujathibitishwa kukatwa. Afadhali reli hiyo imezungushiwa uzio na barabara zinapita juu au chini yake.

18. Sisi tunabeba wagonjwa kwa boda. Haya yote yanatuhusu?

Kusimama na kutazama, ndiyo. Na vuka reli kwa kuielekea moja kwa moja, tairi likate chuma wima. Ukiivuka kwa mshazari mvua imenyesha, tairi linafuata reli na mgonjwa wako anakuwa wagonjwa wawili. Vua kofia ngumu kidogo sikioni usikilize kama ni lazima, kisha uifunge tena.

19. Namba gani ziwe kwenye gari?

Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi 112. Namba 115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga. Hizo tatu kila mtu anazo. Inayokosekana karibu kila gari ni simu ya stesheni ya reli ya eneo lenu. Nendeni wenyewe mkaichukue kwa stesheni masta, mjitambulishe, mwachieni na yenu. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa dereva, pamoja na orodha ya vivuko na nguzo zake za kilomita. Simu inapokufa chaji, mlango haufi.

20. Alama ya kivuko imeng'olewa na watu wa chuma chakavu. Tumwambie nani?

Stesheni kwanza, kwa sababu wako karibu na wanaweza kumwonya dereva wa treni inayofuata apige honi mapema. Kisha mwenye barabara: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za mitaa na vijiji. Mkiona hakuna kinachofanyika, LATRA ndiyo inayosimamia usalama wa reli. Pelekeni kwa maandishi, mkiweka picha, tarehe na nguzo ya kilomita, na mbaki na nakala. Wakati mnasubiri, mwambieni mwenyekiti wa mtaa. Jiwe lililopakwa chokaa pande zote mbili za kivuko linaonekana vizuri kwenye taa za gari.